Kutoka lami kwenda mlimani: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu kukimbia treili

Nilikimbia lami Dar miaka sita, Masaki, Coco, Barabara ya Bagamoyo alfajiri na wana jogging wenzangu, alafu kazi ikanihamishia Morogoro na huku ukifungua dirisha asubuhi unaona milima ya Uluguru hiyo hapo, imesimama. Wiki ya tatu nikapanda. Tangu hapo simu haipumziki, kila mtu anauliza maswali yale yale, na mi napenda kuyajibu ila nimeona niyaweke sehemu moja ili mtu akiuliza nimtumie asome taratibu. Nimeandika kwa mtu ambaye tayari anakimbia lami, hata kilomita 5 tu, na anataka kuanza kukimbia njia za mlimani na msituni.

Treili ni nini hasa, si ni kukimbia kwenye vumbi tu?

Barabara ya vumbi ni mlango wa kuingilia, sio treili yenyewe. Treili ni njia ya mguu, ile ambayo watu wawili wakikutana mmoja anasimama pembeni, ina mawe, mizizi, kijito cha kuruka, inapanda inashuka bila kukuuliza. Ila usidharau vumbi, wakimbiaji wa Iten kule Kenya wanamaliza sehemu kubwa ya mazoezi yao kwenye barabara za udongo mwekundu kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, na miguu yao inazoea ardhi isiyo sawa kabla hata hawajasikia neno treili. Kama mtaani kwako kuna barabara ya vumbi, anzia hapo kesho.

Lami nakimbia kilomita 10 kwa dakika 50, mlimani ntatumia muda gani?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake ndio kila kitu kwenye ukurasa huu, kwahiyo naomba usiliruke.

Sahau dakika kwa kilomita. Namaanisha kabisa, ukiweza zima hiyo sehemu kwenye saa yako. Lami inakufundisha kwamba kilomita ni kilomita, ya leo sawa na ya jana, ndio maana tunajipima kwa spidi na tunaposti spidi. Mlimani kilomita moja inaweza kukula dakika 6 na inayofuata ikakula dakika 18 na zote umejituma sawasawa. Mtu wa lami asipoelewa hili anafanya kosa moja la uhakika, anapanda kilima cha kwanza kwa nguvu ili saa isimuoneshe namba mbaya, dakika ya kumi moyo unataka kutoka, miguu imejaa asidi, na bado kuna mlima wote mbele. Alafu anarudi nyumbani anasema treili sio yake. Ni yake, kakosea kipimo tu.

Kipimo chako kipya ni viwili, muda na pumzi. Badala ya kusema leo nakimbia kilomita 12, sema leo nakimbia kwa muda wa saa moja na nusu. Na pumzi iwe ile ya kuweza kumaliza sentensi nzima ukiongea na mwenzako, ukiona unaongea maneno mawili mawili punguza, hata kama kupunguza maana yake ni kutembea.

Kama unataka makadirio ya kupanga siku yako, watu wa mbio za milimani wana hesabu nyepesi: chukua kilomita za njia, alafu kwa kila mita 100 za kupanda ongeza kilomita moja. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 600 jumla inakua kama kilomita 16 za tambarare. Wewe wa dakika 5 kwa kilomita hapo ni saa moja na dakika 20, na bado hatujaweka mawe, utelezi, kupisha watu na kusimama kuangalia njia, kwahiyo mara ya kwanza mwambie mwenza wako nyumbani kwamba utarudi baada ya masaa mawili na nusu asianze kukutafuta.

Kutembea kwenye kilima sio aibu?

Hapana. Wanaoshinda ile mbio ya kuzunguka mlima Mont Blanc kule Ulaya, kilomita kama 170 na kupanda kama mita 10,000, wanatembea vilima vikali. Kilima kikishakua kikali sana kutembea kwa nguvu kunakupa spidi karibu ile ile ya kukimbia kwa gharama ndogo. Inama kidogo kutokea kwenye nyonga sio mgongoni, hatua fupi, viganja vikandamize mapaja juu ya magoti kila hatua. Fanya mazoezi ya kutembea hivyo kama unavyofanya mazoezi ya kukimbia, manake ni ujuzi kamili.

Kupanda naweza, ila kushuka naogopa. Nafanyaje?

Vizuri kwamba unaogopa, kushuka ndiko kunakoumiza watu.

Nikwambie nilivyojifunza. Mwezi wa pili nikiwa Morogoro nilikua nashuka Uluguru kutoka juu huko Morningside, mvua ilikua imepita usiku, na ule udongo mwekundu ukilowa unakua kama sabuni. Nilikua nashuka kwa kuegemea nyuma, nagongesha visigino, kila hatua napiga breki, na nikaanguka mara mbili, mara ya pili kiwiko kikachanika. Nimekaa pale nafuta damu akapita mama mmoja wa Kiluguru, mtu mzima kabisa, kichwani kabeba mkungu wa ndizi, miguuni ana ndala, anashuka kama yupo sebuleni kwake. Nikamsalimia shikamoo, akaitika, akaniangalia akasema, "mwanangu, usishindane na mteremko, kunja magoti, hatua ndogo ndogo." Akaendelea. Nikanyanyuka nikamfuata nyuma kama dakika ishirini, nikimuangalia miguu tu. Magoti yake hayakunyooka hata mara moja. Hatua zake zilikua fupi, nyingi, na mguu unatua chini ya mwili wake sio mbele. Kifua hakijaegemea nyuma. Na macho hayaangalii vidole, yanaangalia mbele hatua nne tano, kwa sababu pale unapokanyaga sasa hivi ulishaamua sekunde iliyopita. Kila nilichosoma baadae kuhusu kushuka kilikua kinarudia alichonionesha yule mama.

Ongeza moja tu ambayo yeye hakuihitaji kwa sababu ya mzigo: fungua mikono pembeni, iache ipepee, ndio balansi yako.

Kuhusu maumivu ya mapaja baada ya kushuka, ukishuka msuli wa paja unafanya kazi huku unarefushwa, unazuia mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo inachana nyuzi za msuli zaidi kuliko kupanda. Maumivu hayaji siku hiyo, yanakuja kesho yake na siku ya pili ndio unashindwa kushuka ngazi za nyumbani. Usitishike na usikimbilie dawa. Habari njema ni kwamba mwili unakumbuka, mshuko mmoja mrefu unakulinda kwa wiki kadhaa, ule wa pili hauumi hata nusu. Ndio maana nasema mara ya kwanza shuka kidogo, kama mita 200 au 300 za mwinuko, afu rudia baada ya wiki. Usianze na mlima mzima.

Lazima ninunue viatu vya treili?

Kama unakimbia kiangazi kwenye njia ya udongo mgumu, raba yako ya lami inatosha miezi miwili ya kwanza. Usiache kuanza kwa sababu ya kiatu. Ila zile raba nene zenye povu refu na sahani ya kaboni ziache nyumbani, zimejengwa kwa lami iliyonyooka, ukikanyaga jiwe pembeni zinakugeuza enka, yaani kifundo cha mguu.

Ukifika wakati wa kununua angalia vitu vitatu. Soli yenye meno, milimita 4 au 5 inafaa karibu kila sehemu, kwa matope ya masika tafuta marefu zaidi. Mbele pawe na ngao ngumu kidogo ya kulinda vidole na mawe. Na nafasi, upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu, kwa sababu kwenye kushuka mguu unateleza mbele na kucha zinagonga. Hapo ndipo kucha nyeusi zinapotoka, na wengi wanadhani ni ugonjwa kumbe kiatu ni kidogo namba moja au kamba hazijafungwa vizuri juu.

Sasa siri ambayo nawapa kwa moyo mweupe: mitumba. Karume Dar, Memorial pale Moshi, wenzetu Nairobi wana Gikomba na Toi. Viatu vya treili vinakuja vingi, Salomon, Hoka, Saucony, na mara nyingi bei iko chini kwa sababu wanunuzi wengi wanatafuta raba za kutokea na hizi zina rangi za ajabu na soli ya mameno. Ila kagua. Kandamiza povu la pembeni kwa kidole gumba, likiwa gumu kama mti limeshakufa hata kama juu kinang'aa. Kunja kiatu sehemu ya vidole uangalie gundi inapoachia, kiatu kilichokaa stoo miaka mingi kinafunguka siku ya kwanza unayokilowesha, mi kimenifungukia katikati ya mto na nikarudi kilomita saba soli nimeifunga kwa kamba. Alafu kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma, kama kimelala upande mmoja mwenye nacho alikua anakanyaga upande, kiache.

Kikilowa usikianike juani kikauke au pembeni ya jiko. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini.

Enka zangu ni dhaifu, nimeshateguka mara mbili. Niache?

Usiache, ila andaa miguu kabla ya kupanda. Kuteguka mara moja kunaongeza uwezekano wa kuteguka tena, sio kwa sababu mfupa umelegea milele ila mguu unapoteza ile akili ya kujua upo wapi. Unairudisha hivi: simama mguu mmoja unapopiga mswaki, dakika moja kila mguu, ukizoea fumba macho. Nyanyua visigino ukiwa umesimama kwenye ngazi, mara 15 mara tatu. Shuka ngazi moja taratibu kwa mguu mmoja ukihesabu hadi tatu. Fanya wiki sita, siku tatu kwa wiki. Ni mazoezi yanayochosha akili kwa sababu hayana mbwembwe lakini yananisaidia mpaka leo.

Ukiteguka huko huko njiani, jaribu hatua nne. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukigusa mfupa wa pembeni wa kifundo ukasikia maumivu makali juu ya mfupa wenyewe, hiyo ni eksirei siku hiyo hiyo, sio kukandwa. Kukanda mguu ambao huenda umevunjika tafadhali msikubali hata kama anayekanda ni mtu wa kuheshimika.

Nipo Dar, hakuna milima. Ntafanyaje mazoezi?

Nani kasema hakuna. Nenda Goba, nenda Makongo, nenda Kimara huko ndani ndani Bonyokwa, barabara nyingi bado za vumbi na vilima vinakutoa jasho saa kumi na mbili asubuhi. Tafuta kimoja cha mita 150 hivi, panda mara nane, na kushuka ushuke kwa ile staili ya mama wa ndizi, usishuke kivivu manake kushuka ndio nusu ya zoezi. Mchanga mkavu wa Kigamboni unajenga vifundo na nyayo, dakika 15 tu mwanzoni maana unachosha kano ya kisigino. Ngazi za jengo la ghorofa nyingi kama mlinzi anakuruhusu. Na mwisho wa wiki nenda Pugu, msitu wa hifadhi wa Pugu Kazimzumbwi uko jirani kabisa na mji, ni msitu wa kweli na kuna vilima, ukifika pitia getini ulipie.

Wapi pengine pazuri kuanzia, na je nahitaji kibali?

Hapa watu wanapata shida kwa kutojua kwahiyo soma. Njia zinazopita vijijini na mashambani ni za kila mtu, hakuna kibali, kuna adabu tu (nitafika huko). Msitu wa hifadhi ya mazingira asilia uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, unalipia na kuandikishwa, na mara nyingi wanakupa mtu wa kuongozana nae. Uluguru juu ni hivyo, ukitaka kufika Lupanga, kilele cha zaidi ya mita 2,100 wakati mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 500 tu, huwezi kuibuka tu. Hifadhi ya taifa ni hadithi nyingine kabisa, chini ya TANAPA, na mfano mlima Meru unapanda na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati, hapo sio pa kwenda kukimbia asubuhi kwa kujisikia.

Kwa anayeanza nampenda Lushoto kuliko pote. Usambara ina hewa baridi, njia za mguu zinaunganisha kijiji na kijiji, ukipotea unamuuliza mtoto anayechunga mbuzi, na ukitokea Irente ukasimama pale ukingoni ukaona uwanda wa Mombo upo chini huko kama ramani, aisee. Njia ya kutoka mjini kwenda Irente sio kali, mtu wa kilomita 10 za lami anaiweza siku ya kwanza. Moshi, njia za Materuni na vijiji vya Wachaga kwenye migomba na kahawa. Wa Nairobi wana bahati ya Karura, njia zimechongwa na kuwekwa alama, ukizimaliza nenda Ngong ukapande vile vilima vyenye upepo, ukiwa na wenzako.

Nyoka, je?

Naulizwa sana. Nyoka anasikia mtikisiko wa miguu yako na mara nyingi anaondoka kabla hujamuona. Usikanyage mahali usipopaona, usiweke mkono nyuma ya jiwe, gogo likanyage juu kwanza ndio uvuke sio kuruka moja kwa moja upande wa pili. Akikugonga mtu, mtulize, mguu usitembezwe, hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu.

Kwa uzoefu wangu wanaokusumbua kweli ni siafu, upupu na mbwa. Siafu ukiona mstari mweusi njiani ruka mbali na uendelee kukimbia, ukisimama pale kuangalia wameshapanda. Upupu, zile ganda zenye manyoya ya dhahabu, usiguse, na ukishaguswa usijikune wala usimwage maji kwanza, toa manyoya kwa kupaka majivu au udongo mkavu na kukung'uta. Mbwa wa mashambani, acha kukimbia, tembea, usimuangalie machoni, muite mwenye nyumba kwa sauti, hodi hodi, mbwa akisikia unaongea na mwenyewe anapungua.

Mi ni mwanamke, nikikimbia peke yangu huko ni salama?

Nimewauliza dada zetu watatu ninaokimbia nao huku wajibu wao, na wamekubaliana hivi: mwanzoni usiende peke yako, sio kwa sababu ya mlima ila kwa sababu hujaijua njia na njia haijakujua. Nenda na watu mara tano sita kwenye njia ile ile, salimia kila mtu, ujulikane. Mmoja wao anasema siku akichelewa kupita, mama mwenye genge pale chini anamuuliza kesho yake jana ulikua wapi, na huo ndio ulinzi wake mkubwa. Pia wanabeba khanga kwenye begi, nyepesi, inafaa ukipita kijijini, ukipata baridi, ukitaka kufunga jeraha, ukitaka kujisitiri. Na anayebaki nyumbani ajue njia gani na saa ngapi unarudi. Hilo la mwisho ni kwa wanaume pia, tena wanaume ndio wakaidi.

Nibebe nini?

Simu yenye chaji na ramani uliyoipakua kabla, maana bondeni mtandao hakuna. Maji. Chakula kidogo. Filimbi, sauti yake inafika mbali kuliko kupiga kelele na haikauki koo. Koti jepesi la mvua, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, mji unaungua na juu kuna ukungu. Bandeji moja ya kuvuta. Elfu kumi ya noti kwa ajili ya bodaboda ya kurudi. Kama kuna uwezekano hata mdogo wa jioni kukukuta, tochi ya kichwani, huku kwetu jua likizama giza halichelewi, ni kama dakika ishirini tu, na chini ya miti ni mapema zaidi. Mi sheria yangu saa kumi jioni nageuka popote nilipo.

Begi sio lazima liwe lile la wakimbiaji, ila lisirukeruke mgongoni, funga kwa khanga kifuani ikibidi.

Maji kiasi gani, na nile nini?

Chini ya saa moja huhitaji kula kitu njiani. Zaidi ya hapo weka kama nusu lita kwa saa, joto likiwa kali ongeza, ila kunywa kwa kiu, kujaza maji mengi matupu bila chumvi ni hatari kwelikweli. Ile pakiti ya ORS ya duka la dawa ni ya lita moja ya maji na ni bei ya chini kuliko vinywaji vyote vya wanamichezo, mi natumia hiyo. Chakula, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ndizi mbivu moja ina kama 25, kwahiyo mbili kwa saa zinatosha na huku ndizi zinakuja zenyewe. Tende, kashata, kiazi kitamu cha kuchemsha chenye chumvi. Jeli za paketi sizikatai ila zijaribu kwenye mazoezi kabla ya siku ya mbio, na ganda la paketi rudi nalo mfukoni.

Maji ya mto wa mlimani yanaonekana masafi. Juu kuna mashamba. Usinywe bila kutibu.

Masika niendelee?

Machi hadi Mei njia za udongo zinageuka utelezi na makorongo yanajaa ghafla hata kama pale ulipo mvua hainyeshi, imenyesha juu. Mto ukizidi magoti na unakimbia, geuka. Mi masika narudi lami siku tatu na mlimani naenda siku kavu tu. Pia kukimbia kwenye njia iliyolowa kunaibomoa, na wanaoitengeneza ni wanakijiji kwa majembe yao.

Wiki za kwanza niende vipi?

Usihamie ghafla. Kama unakimbia mara nne kwa wiki, moja tu iwe treili mwezi wa kwanza, dakika 45 hadi saa moja, polepole, njia ile ile kila wiki uijue mawe yake. Mwezi wa pili ziwe mbili, ya pili iwe fupi na ya kilima. Siku inayofuata baada ya mshuko mrefu pumzika au tembea. Kilomita zako za wiki zitapungua na hiyo ni sawa, hesabu masaa. Mwezi wa tatu jaribu masaa mawili. Mtu wa marathoni ndio namwambia taratibu kuliko wote, mapafu yake yana uwezo wa masaa manne ila vifundo vyake vina uwezo wa dakika arobaini, na mapafu ndio yanaendesha.

Ntapoteza spidi yangu ya lami?

Wiki chache miguu itajisikia mizito. Baada ya miezi mitatu hivi, mi binafsi nilirudi kukimbia nusu marathoni ya lami na vile vilima vya njiani sikuviona. Kilima ni mazoezi ya nguvu yasiyohitaji jimu. Na msiniambie milima ni michezo ya Wazungu, Lucy Wambui Murigi wa Kenya kachukua ubingwa wa dunia wa mbio za milimani mara mbili mfululizo, 2017 Italia na 2018 Andorra, na Patrick Kipngeno kachukua dhahabu ya dunia ya kupanda 2022 Thailand akarudia 2023 Austria. Hawa ni majirani zetu, na tuwataje mbele ya watoto wetu kama tunavyowataja wa marathoni.

Naweza kukimbia Kilimanjaro?

Simon Mtuy, mtu wa huko huko Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda na kushuka bila msaada wa mtu kwa masaa 9 na ushee, kabeba kila kitu mwenyewe. Karl Egloff wa Ecuador 2014 akaenda na kurudi kwa saa 6 na dakika 42. Hao wamelelewa na milima. Kule juu mita 5,895 kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni ya pwani, na kuanzia kama mita 2,500 mwili unaweza kuanza kuugua bila kujali umekimbia marathoni ngapi. Pia ni lazima upande na mwongozaji aliyesajiliwa. Vijiji vya chini, Marangu, Machame, Materuni, kimbia mpaka uchoke. Juu ya geti panda kwa siku zinazostahili kama kila mtu.

Kuna adabu gani za njia?

Hili hamniulizi, nimeliweka mwenyewe. Njia tunazokimbia sio viwanja vya mazoezi, ni barabara za watu. Saa kumi na moja alfajiri huku wanashuka wakulima na karoti, kabichi, fiwi, ndizi, mzigo wa kilo thelathini kichwani, wanawahi soko la mjini kabla bei haijashuka. Anayeshuka na mzigo hawezi kusimama ghafla, wewe unaweza. Kwahiyo unamuona mbali, unatoka njiani upande wa chini wa mteremko ili ukiteleza usimwangukie, unasimama kabisa, unasema shikamoo, pole na mzigo. Ukimpita kwa nyuma toa sauti mapema, usimshtue. Usikate kona ukapita shambani kwa mtu hata kama kuna alama za nyayo. Usimpige mtu picha na mzigo wake. Vipokea sauti masikioni vitoe. Na ukikuta maembe au parachichi zinauzwa pembeni ya njia, nunua, hata moja, alafu ukae pale ule huku mnaongea, ndio utaambiwa daraja la mbele limesombwa jana.